Sufuria ya Gamaliel

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Joanitha amelala, dawa za maumivu zimemchukua. Nimekaa mezani na daftari nililolinunua mwaka juzi nilipostaafu ualimu, nikisema nitaandika kila siku. Sikuandika hata siku moja. Leo ninaandika kwa sababu sijui mikono yangu nifanye nayo nini kingine.

Juzi Jumamosi mke wangu aliteleza kibanjani, chini ya migomba, akiwa na mkungu kichwani. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, na kifundo cha mguu kimepata ufa. Hospitalini Bukoba wamemfunga plasta kotekote. Daktari alisema wiki nane bila kazi yoyote, na alisema hivyo akinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemwangusha.

Kemilembe, binti yetu, yuko Muleba na mtoto wa wiki tatu, naye alijifungua kwa upasuaji. Hawezi kuja. Derick, kaka yake, yuko Mwanza kazini. Tumebaki wawili hapa Kanazi, na mmoja wetu hawezi kusimama.

Nina miaka sitini na mbili. Nimefundisha Jiografia miaka thelathini na minne, mingi yake kulekule Muleba. Ninaweza kuchora mito mikubwa yote ya Afrika bila kutazama kitabu. Lakini sijawahi kupika. Sisemi kwamba napika vibaya; sijawahi. Nilitoka kwenye jiko la mama nikaingia bwalo la shule, na kutoka bwalo nikaingia jiko la Joanitha.

Saa saba mchana alikuja Gamaliel, jirani yetu wa bondeni, seremala, aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita. Alibeba sufuria aliyoifunga kwa kanga. Ndani kulikuwa na ndizi na maharage, zimepondeka vizuri. Joanitha alikula kwa mkono wa kushoto, sahani mbili. Nilimshukuru Gamaliel kwa moyo wote.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Gamaliel ameleta uji asubuhi na dagaa jioni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo niliamka na nia. Joanitha alisema ana hamu ya yai la kuchemsha, nikamwambia, "Hilo tu? Nitakuletea."

Kuni zilikuwa na unyevu. Nilipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Nikaweka sufuria, maji yakachemka kwa fujo, nikatumbukiza mayai matatu kutoka juu kama anayerusha mawe mtoni. Moja lilipasuka hapo hapo, likatoa utando mweupe. Mengine niliyatoa nilipoona yametulia. Nilidhani yai likiiva hutulia.

Nililibandua moja mbele yake. Likamwagika kwenye sahani.

Joanitha alilitazama kwa muda. "Baba Derick," alisema, "hili limesikia tu habari za moto."

Alicheka, nami nikacheka, ingawa si sana. Wakati huohuo Gamaliel akapiga hodi. Aliona sahani. Alikwenda jikoni, akarudi baadaye na mayai mawili yameiva, yamebanduliwa, hayana hata kovu. Akayakata katikati kwa kisu chake, akatoa viini akaviweka pembeni, akampa Joanitha ile sehemu nyeupe na chumvi kidogo.

"Mbona unatoa kiini?" nilimuuliza.

Gamaliel alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Mama Derick hali kiini," alisema.

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anatafuna, ametazama dirishani.

Tuna miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Sikujua kwamba hali kiini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amekuja mara mbili. Sufuria yake ni ya bluu, na kifuniko si chake, ni cha sufuria kubwa zaidi, kwa hiyo kinagongagonga akitembea. Nimeanza kuisikia sauti hiyo kutoka mbali, kabla hajafika kwenye mibuni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nilikuwa napalilia nyuma ya nyumba. Nikasikia kicheko cha Joanitha. Si kile anachonicheka mimi. Ni kile cha zamani, kinachoanzia chini na kumtoa machozi. Nilijaribu kukumbuka lini nilikisikia mara ya mwisho, nikashindwa.

Nilipoingia sebuleni walinyamaza. Gamaliel alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Aliinuka haraka.

"Mlikuwa mnacheka nini?" niliuliza.

"Mambo ya zamani tu, Mwalimu," alisema.

Alipofika mlangoni aliaga: "Haya, Joani, tutaonana jioni."

Joani. Mimi mwenyewe humwita Mama Derick. Nimekaa na neno hilo mchana kutwa kama mwiba wa samaki kooni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda Bukoba kuchukua dawa. Sikurudi mara moja. Pale mtaa wa Bakoba kuna mama lishe anayeitwa Shamsa. Nilimfundisha Muleba, alikuwa anakaa mbele, mtoto mwenye maswali mengi. Nilikula wali wake, nikasubiri wateja wapungue, kisha nikamweleza shida yangu kwa sauti ya chini.

Hakucheka. Alifuta mikono kwenye aproni. "Mwalimu, unakumbuka ulinisimamisha mbele ya darasa kwa sababu niliweka Ziwa Tanganyika Kenya?"

"Nakumbuka."

"Leo na wewe utasimama mbele ya darasa langu." Akanionyesha kigoda. "Kaa. Hapana, usishike kitu. Kwanza tazama."

Aliweka mayai kwenye sufuria, akamimina maji ya baridi mpaka yakafunikwa. Ndipo akawasha moto. "Yai na maji vianze safari pamoja. Ukilitupa kwenye maji ya moto litashtuka na kupasuka. Maji yakianza kuchemka, punguza moto, hesabu dakika kumi. Halafu maji baridi tena, yakae. Ndiyo maana yanabanduka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Lakini usiondoke kwenda kusoma gazeti."

Nilirudia mara mbili mbele yake. Mara ya pili alilibandua yai langu, akalikata, akalila lote akiwa amesimama. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo. Amesema nije Jumanne na Alhamisi, baada ya saa nane.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimechemsha mayai manne. Yameiva yote. Nimeyapanga kwenye sahani, nimetoa viini, nimeweka chumvi. Nimeingia chumbani nayo.

Sufuria ya bluu ilikuwa tayari juu ya stuli.

"Nimeshiba, Baba Derick," Joanitha alisema. "Ungeniambia."

Nimeyala yote manne nyuma ya jiko, na viini vyake, nimesimama kwenye matone ya paa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Shamsa amenifundisha chai ya maziwa na wali. Wali umeshika chini. Amesema hata wa kwake uliwahi kushika. Simwamini, lakini nimemshukuru.

Nyumbani nasema nafuatilia karatasi za bima.

Jumapili, 27 Oktoba

Jana nilimenya ndizi kwa mara ya kwanza. Shamsa alinionya nipake mafuta mikononi, lakini nilipofika kwenye kibanja changu mwenyewe niliona aibu kujipaka mafuta kama bibi harusi. Utomvu umekauka mweusi kwenye vidole na chini ya kucha. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau. Hautoki.

Kanisani leo niliweka mikono mifukoni. Wakati wa kupeana amani ilinibidi niitoe. Mzee Rugambwa, tuliyepata kipaimara pamoja, aliushika mkono wangu, akautazama, akanitazama usoni. "Mwalimu," alisema, "na wewe siku hizi unamenya?" Watu wa benchi la mbele waligeuka.

Gamaliel alikuwa upande wa pili. Vidole vyake vyeusi vilikuwa wazi juu ya magoti, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimepika chakula cha mchana kabla hajafika. Ndizi, maharage, kitunguu, mafuta. Nilipomsikia anakuja nilitoka nikamkuta njiani, nikamwambia leo tumeshapika. Alisema, "Vizuri, Mwalimu," akageuka na sufuria yake.

Joanitha alionja. Alikula kijiko cha pili. Kisha akakiweka chini.

"Chumvi?" nikauliza.

"Chumvi imezidi, ndiyo. Lakini si hilo." Alinitazama kwa makini. "Umepika kwa hasira. Ndizi umezikoroga kama unayempiga mtu."

Nilichukua kijiko chake. Akauliza, "Nani anakufundisha?"

"Shamsa. Mwanafunzi wangu wa zamani. Yule wa Bakoba."

"Ndiyo maana siku hizi unarudi unanukia iliki." Alivuta shuka. "Ana umri gani?"

Nilimwambia sijui, arobaini hivi. Aligeukia ukutani. Naona aibu kuandika hili: nilikwenda kuosha vyombo nikiwa na furaha.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua kubwa. Gamaliel amekuja. Wamezungumza Kihaya, harakaharaka, kuhusu mtu nisiyemjua.

Jumatano, 6 Novemba

Itabidi niandike yote.

Tangu juzi watu walikuwa wanasema senene watatua. Leo asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, nilitoka nje nikaona nyasi zote zimejaa, kijani kitupu kinachorukaruka, na akina mama barabarani na ndoo na mifuko. Kila mwaka Joanitha huwa miongoni mwao. Hurudi amelowa hadi magotini, anawatoa mabawa na miguu, anawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, na bakuli la kwanza la msimu linakuwa langu. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfanyia baba yake. Miaka thelathini na mmoja, hata mwaka mama yangu alipofariki, bakuli lile halikukosekana.

Leo nilimwangalia amekaa kitandani, plasta mapajani, anasikiliza kelele za wanawake. Nikasema moyoni: mwaka huu nitawakamata mimi, nitawakaanga mimi, nitampa yeye. Nilichukua ndoo. Nilihangaika kwenye nyasi saa nzima, na watoto wa shule wakicheka wakiniona naruka. Nilipata robo ndoo. Nilikuwa nimelowa na nimefurahi.

Nilipoingia ndani nilisikia harufu kabla sijaona. Sufuria ya bluu ilikuwa juu ya stuli, kifuniko pembeni. Senene wamekaangwa, wamekauka vizuri, wana rangi ya shaba. Gamaliel alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Ukingoni kabisa, karibu na mlango, lakini kitandani. Joanitha alikuwa na senene mkononi.

"Karibu, Baba Derick," alisema. "Njoo ule, Gamaliel katutangulia."

Niliweka ndoo chini. Nilisema, "Gamaliel, nani alikwambia nyumba hii haina mwanamume?"

Alisimama. "Mwalimu, mimi—"

"Unaingia chumbani kwangu. Unakaa kitandani kwangu. Unamwita mke wangu jina ambalo hata mimi simwiti. Umefiwa na mke, tunakuhurumia. Huyu wa kwangu bado yuko hai."

Nilisema hayo. Nimeyaandika kama nilivyoyasema ili nisijidanganye baadaye.

Kisha nilichukua sufuria yake, nikafungua dirisha, nikamwaga senene wote nje, kwenye matope. Kuku walikimbia kutoka kila upande. Nikampa sufuria tupu.

Gamaliel aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu cha heshima. Alimwambia Joanitha, "Upone haraka, Mama Derick." Akaondoka. Kifuniko alikisahau.

Joanitha hakunitazama. Senene aliyekuwa mkononi mwake alimrudisha kwenye sahani, taratibu, kama angeweza kuumia.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepika. Amekula kidogo. Hajasema kitu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepika. Hajasema kitu.

Jumapili, 10 Novemba

Sijaenda kanisani. Mvua ya mawe mchana. Nimempikia wali na mchuzi wa sangara, haukushika chini, chumvi ni sawasawa, hata Shamsa asingepata kosa. Joanitha amesema, "Asante, Mwalimu." Mwalimu. Kama jirani.

Jumanne, 12 Novemba

Njia ya kutoka bondeni imeota nyasi katikati. Kwa siku sita tu. Ndivyo mvua ya huku ilivyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo amezungumza.

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli nambandulia yai. Akasema, "Unataka kujua Gamaliel alijulia wapi kupika?"

Nilisema sitaki. Alinieleza hata hivyo.

Miaka kumi na minne iliyopita Kokushubila, mke wa Gamaliel, aliugua, akawa wa kitandani kwa karibu miaka miwili. Hilo nalijua, nilihudhuria mazishi. Nisilolijua ni kwamba Gamaliel naye hakujua kuchemsha hata maji. Mgonjwa alikuwa anashinda na njaa hali chakula kiko shambani. Joanitha aliposikia, alianza kwenda kila siku baada ya kazi za kibanja. Mwanzo alipika yeye. Baadaye akaona hatamaliza, akamfundisha mwenye nyumba. Yai kwanza. Kisha uji, kisha ndizi. Walikaa jikoni kwa Gamaliel saa nzima, saa mbili, mgonjwa akiwaelekeza kutoka chumbani na kuwacheka. Viini vya mayai alikula Gamaliel, ndipo alipojua.

"Mimi nilikuwa wapi?" niliuliza.

"Muleba. Ulikuwa unarudi Jumamosi na rundo la madaftari. Nilikusimulia, Baba Derick. Zaidi ya mara moja. Ulikuwa unasahihisha, ulisema 'vizuri, vizuri' bila kuinua kichwa."

Sikumbuki. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba ninajua anasema kweli na sikumbuki.

Ningenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini nilimuuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ya yai. Nilimuuliza kama alimpenda.

Aligeukia dirisha. Mvua ilikuwa imepungua, nilisikia matone kwenye majani ya migomba.

"Hakuna kilichotokea," alisema. "Kokushubila alikuwa rafiki yangu, alikuwa chumba cha pili. Hakuna neno lililosemwa, wala mkono uliogusa mkono. Lakini zilikuwepo siku ambazo kazi iliisha na sikuondoka. Nilikaa. Nilichelewa kurudi nyumbani kwa makusudi." Kisha akasema, "Umeuliza. Sitakudanganya kwa sababu nimevunjika mkono."

Yai lilikuwa bado mkononi mwangu, limebanduliwa nusu. Nililiweka kwenye sahani nikatoka.

Ijumaa, 15 Novemba

Muleba, kwa Kemilembe.

Niliamka kabla yake, nikafunga begi, nikamwachia chupa ya chai, nikamwambia nakwenda kumwona mjukuu. Hakuuliza kwa nini leo. Njia nzima nilijiambia nina haki.

Mtoto amenona. Kemilembe anatembea taratibu, ameshika tumbo. Alinipa kahawa, akaniuliza, "Mama umemwacha na nani, Tata?"

Nilisema, "Na Gamaliel."

"Ah, basi yuko salama," alisema, akaendelea kunyonyesha.

Sijaweza kula chakula chake.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimerudi kwa gari la kwanza. Mvua imenifuata njia nzima.

Nilimkuta jikoni. Alikuwa amekaa chini, kwenye sakafu, mgongo ukutani, mguu wenye plasta umenyooka mbele. Sijui alifikaje hapo, nadhani alijiburuta. Mafiga yalikuwa baridi. Kuni alizipanga vizuri kabisa, kwa mkono mmoja, kama nyumba ndogo. Njiti za kiberiti zilitapakaa kila mahali, sanduku zima, nyingine zimevunjika, nyingine vichwa vimetoka kwa unyevu. Sanduku lenyewe lilikuwa limebanwa kati ya magoti yake.

"Umekula nini?" nilimuuliza.

"Ndizi mbivu mbili. Na chai yako."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

Nilipiga magoti. "Kwa nini hukumwita Gamaliel? Ungepiga kelele tu angesikia."

Alinitazama, na hapakuwa na hasira usoni mwake, ningependa ingekuwepo.

"Ulimfukuza," alisema. "Ningemwita wakati haupo, ungesema nini uliporudi? Ungesema wewe, na Kanazi yote ingesema. Nikaona bora njaa."

Nilimbeba mpaka kitandani. Amekuwa mwepesi. Nilikausha kuni kwa makaratasi ya mtihani wa zamani, nikachemsha uji, nikaukoroga bila kuondoka. Alikunywa vikombe vitatu. Nilishika kikombe mimi. Kwenye kikombe cha tatu aliweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu, tukakiinua pamoja.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa nimeshuka bondeni na kifuniko.

Gamaliel alikuwa kwenye karakana yake, anapiga randa ubao wa mlango. Aliendelea mpaka akafika mwisho wa ubao. Kisha akasema, "Karibu, Mwalimu," kama ilivyo desturi.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yote yalinitoka. Nilisema, "Nimemwacha na njaa siku mbili. Kwa sababu yako. Hapana, kwa sababu yangu."

Aliweka randa chini. Nilimweleza kila kitu, pamoja na njiti za kiberiti. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyosema, na zaidi kwa yale ya marehemu mkewe. Aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Alinilishia mgonjwa wangu," alisema. "Kokushubila alikufa, lakini hakufa na njaa. Ningeacha kuleta chakula ningekuwa mtu wa namna gani?"

"Ungekaa kwenye kiti kingine," nilisema.

Alitabasamu kidogo, akaacha. "Hapo una haki. Kiti, na kitanda. Kuishi peke yangu kumenisahaulisha mipaka." Alifuta vumbi la mbao mikononi. "Na nitakuambia jingine, kwa sababu umekuja mwenyewe. Nilipenda kumsikia akicheka. Hilo nakiri. Zaidi ya hapo hakuna, Mwalimu, wala halikuwepo."

Mtu mwingine angefarijika. Mimi kifua kiliniwaka vilevile. Lakini nilikuwa na jambo la kumwomba, na nilijua nikiondoka bila kuliomba sitarudi tena.

"Nifundishe zile ndizi," nilisema. "Alivyokufundisha yeye."

Jumatano, 20 Novemba

Jikoni kwa Gamaliel. Anafundisha tofauti na Shamsa. Hasemi. Ananiacha nikosee, kisha anaosha sufuria na kuanza tena.

Ndizi hazikorogwi kabisa. Zinapangwa, majani ya mgomba yanatangulia chini na yanafunika juu, na moto ni mdogo, wa subira. Maharage yanaingia yakiwa yameshaiva nusu. Vitunguu si mwanzoni, ni mwishoni. Kila alichonionyesha nilikitambua. Ni mkono wa Joanitha. Nimekula chakula hicho maisha yangu yote ya ndoa bila kujua kinakuwaje, na leo nimekipokea kutoka kwa mwanamume mwingine. Liliniuma, na nilikuwa nashukuru. Sikujua yanaweza kukaa pamoja kwenye kifua kimoja.

Jumamosi, 23 Novemba

Zimeungua.

Jumatatu, 25 Novemba

Zimeiva. Nilizipika nyumbani, peke yangu. Joanitha alipofunua jani alivuta harufu, akafumba macho. Alikula sahani nzima. Alipomaliza aliuliza, "Ulikwenda kwake?"

"Nilikwenda."

"Ukaomba?"

"Niliomba."

Alinyoosha sahani. "Niongeze," alisema.

Jumatatu, 2 Desemba

Wametoa plasta. Mkono umekuwa mwembamba, ngozi imekauka kama ganda la muhogo, naye anautazama kama wa mtu mwingine. Anatembea na fimbo. Daktari amesema kazi nyepesi tu, akanitazama tena. Safari hii sikuinamisha macho.

Tulipita Bakoba. Joanitha alitaka kumwona Shamsa. Walitazamana kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu, kisha Shamsa akamkumbatia, akamwita mama, akatuandalia pilau. "Mumeo ni mwanafunzi mbishi," alimwambia. "Najua," Joanitha alijibu. Njiani kurudi alisema, "Si mbaya yule mtoto."

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua za msimu zinaisha. Leo kulikuwa na jua mpaka alasiri.

Saa kumi hivi Joanitha alivaa viatu, akachukua fimbo. Alisema anashuka kwa Gamaliel kumshukuru. Hajamwona tangu siku ile ya dirisha.

Nilikuwa namenya ndizi, mikono imepakwa mafuta. Nilisema, "Nikusindikize? Njia inateleza."

"Nitakwenda polepole," alisema. Alisita mlangoni. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema neno. Sikusema.

Nilimtazama akishuka kati ya mibuni, fimbo, mguu, fimbo, mguu, mpaka kitambaa chake cha kichwani kikapotea. Kisha nilirudi ndani nikawasha moto.

Sitasema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Wivu haujaondoka. Nilipanga majani, nikapanga ndizi, nikaziona sura zao mbili kwenye lile jiko dogo la bondeni, nikasikia kile kicheko ingawa hakuna masikio yanayofika huko. Nilijua ndizi huchukua zaidi ya saa nzima kwenye moto mdogo. Nikajiambia: atachelewa. Akichelewa sitauliza. Nitafunika sufuria, nitaacha makaa, chakula kitakuwa cha moto saa yoyote atakayorudi, na sitauliza. Nililirudia hilo kama mtoto anayekariri. Sikuongeza kuni ingawa mkono uliniwasha niongeze, ziive upesi, niwe na sababu ya kushuka kumwita.

Niliinua jani la juu nikachoma ndizi kwa kisu. Ngumu bado, hata nusu hazijafika.

Nikasikia fimbo uani.

Joanitha aliingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa taratibu na mguu wake mbele. Pumzi ilikuwa juu kwa kupanda mlima. Alikuwa na matope kwenye pindo la gauni.

"Mbona mapema?" nilisema. Nilikuwa nimeapa sitauliza.

Aliutazama moto, akanitazama mimi.

"Nina njaa," alisema.

"Bado kidogo."

"Nitasubiri."

Nikasogeza kuni moja ndani.